Shujaa Aliyevaa Bukta

Jumapili moja alasiri, baada ya chakula, mjukuu wangu mwenye miaka 11 aliunganisha simu ya mama yake na televisheni iliyoko sebuleni kwangu hapa Mchikichini, akaniita: "Babu, njoo umwone Batman wa zamani. Wa zamani kama wewe." Mimi sina desturi ya kukaa mbele ya mashujaa wa watoto. Katika miaka 37 ya ualimu, mingi kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, niliwaona wakipita mmoja baada ya mwingine kwenye majalada ya madaftari na kwenye migongo ya mikoba, na wote niliwachukulia kama kelele za barabarani: unafunga dirisha, somo linaendelea. Lakini siku ile goti lilikuwa linanisumbua na kiti kilikuwa kizuri. Nikakaa.

Nilichokiona kilinishangaza. Mtu mzima, kavaa joho na kofia yenye masikio ya popo, anashindana na adui yake katika mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi ya bahari kwa ubao. Na kwa kuwa mchezo wenyewe ni wa pwani, shujaa huyo kavaa bukta ya kuogelea. Hakuivaa badala ya vazi lake la kishujaa. Kaivaa juu yake. Adui yake, yule mwovu mwenye uso mweupe anayeitwa Joker, naye kavaa bukta juu ya suti. Na hakuna hata mmoja anayecheka. Wanasemeshana kwa sauti nzito kama mahakimu wawili wanaobishana juu ya kifungu cha sheria.

"Babu, tazama mdomo wa Joker," mjukuu akasema. "Ana masharubu. Wamempaka rangi juu yake."

Nikainama mbele, nikavaa miwani. Kweli. Mwigizaji wake, Cesar Romero, alikataa katakata kunyoa masharubu yake, basi ikawabidi wampake rangi nyeupe juu ya nywele, na ukitazama vizuri unayaona yamejaa pale kama majani chini ya chokaa. Mtoto alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kochi. Mimi nikasema kile ambacho mwalimu mkuu yeyote angesema: "Huu ni upuuzi mtupu."

Akanijibu bila hata kugeuza shingo: "Ndiyo, Babu. Wenyewe wanajua."

Bibi yake alisikia kelele, akauliza kutoka jikoni tunatazama nini. Mtoto akamjibu kuwa tunamtazama mtu-popo anayewakamata wezi. Kimya kidogo, kisha tukasikia: "Huku kwetu popo hakamati wezi." Mke wangu ana ndugu Unguja, na wale waliokuwako mwaka 1995 hawajasahau jinsi hofu ya Popobawa ilivyoanza Pemba, ikavuka hadi Unguja, watu wazima wakawa wanatandika mikeka nje na kulala kwa makundi, wakikesha na moto. Mtu mwenye mbawa za popo kuwa mtetezi wa raia ni jambo ambalo haliingii akilini mwake. Nikaona ana haki. Shujaa wa watu huweza kuwa jinamizi la watu wengine, na wala hapahitajiki bahari kubwa kati yao.

Lakini maneno yaliyonikaa kichwani ni yale ya mtoto. Wenyewe wanajua.

Nilitafuta baadaye tarehe ya kipindi kile. Kwa watu wa aina yangu, kitu kisichokuwa na tarehe hakijatokea. Mfululizo ule, ambao shujaa wake aliigizwa na Adam West, ulirushwa Marekani kuanzia Januari 1966 hadi Machi 1968, vipindi 120 kwa jumla, na hiki cha bukta kilionyeshwa tarehe 16 Novemba 1967. Novemba 1967! Msomaji wa rika langu ataelewa kwa nini niliisoma tarehe hiyo mara mbili. Mwaka ule nilikuwa na miaka 17. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwezi Februari, kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea kikafuata mwezi Machi, na mwezi Oktoba Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio. Vijana nchi nzima walikuwa wakitembea. Mmoja wao, Seti Benjamini, alifariki mwaka ule ule akiwa katika matembezi hayo, na jina lake likapewa shule. Huyo ndiye aliyekuwa shujaa wetu: kijana wa umri wetu, asiye na joho wala gari, aliyekufa njiani kwa ajili ya jambo aliloliamini.

Kwa hiyo mtu asishangae kwamba kizazi chetu kilijifunza kutazama ushujaa kwa uso uliokunjwa. Hatukuwa na nafasi ya bukta. Televisheni yenyewe hatukuwa nayo. Unguja walipata yao, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 70, lakini huku Bara serikali iliihesabu kuwa ni anasa, na hatukuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994 vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo hapa Dar es Salaam. Kabla ya hapo, wenye antena ndefu walinasa picha za Unguja zikiwa na chenga nyingi, wakaalika majirani. Sisi wengine tulikuwa na redio, na tulikuwa na majumba ya sinema pale mjini: Avalon, Empire, Odeon, Cameo, New Chox. Halafu tulikuwa na magazeti ya picha. Hapo ndipo ninapotaka kufika, ingawa nimekuwa nikizunguka.

Wale waliokuwa vijana mwishoni mwa miaka ya 60 watamkumbuka Lance Spearman, aliyejulikana zaidi kwa jina la Spear. Alikuwa mpelelezi Mwafrika katika gazeti lililoitwa African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum. Hadithi haikuchorwa, ilipigwa picha, watu halisi wakiigiza, na maneno yao yakaandikwa kwenye mapovu juu ya vichwa vyao. Spear alivaa kofia na suti nadhifu, akavuta sigara kubwa, akaendesha gari la kifahari, na akawapiga majambazi bila kudondosha kofia. Alikuwa na wasaidizi, Sonia na kijana Lemmy, na rafiki polisi, Kapteni Victor. Gazeti lilisomwa Nigeria, Ghana, Kenya na huku kwetu. Lilikuwa la Kiingereza, lakini lugha haikuwa kizuizi. Yule aliyekijua Kiingereza aliwasomea wenzake kumi. Faraji Katalambulla, ambaye tayari alikuwa ametuandikia Simu ya Kifo mwaka 1965, alichukua mtindo ule ule wa picha akatoa Film Tanzania kwa Kiswahili, na vijana wakaipokea kwa furaha.

Wakubwa hawakufurahi sana. Ulikuwa wakati wa Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, ya kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana; mwezi Novemba mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku mjini Dar es Salaam. Pale chuo cha ualimu nilikosomea tulifundishwa kwamba mwalimu ni mlinzi wa lango. Niliyaamini hayo, na sehemu kubwa ninayaamini hata leo. Sitaki nieleweke kwamba ninawacheka watu wa wakati ule. Mtu aliyeona nchi masikini ikijaribu kusimama hawezi kuwacheka. Shida ni kwamba mlinzi wa lango asiyefundishwa kutofautisha wageni huwafukuza wote.

Sasa nieleze kisa chenyewe. Ilikuwa mwaka 1975, katika shule moja ya msingi ya hapa mjini, nami nilikuwa mwalimu wa darasa la saba, kijana, mwembamba, na mwenye bidii ya kutisha. Gazeti la Spear wakati huo lilikuwa limekwisha kutoweka mitaani, lakini nakala kuukuu ziliendelea kupita mkono kwa mkono, nyingine zikiwa hazina jalada, nyingine zikiwa zimeshonwa kwa uzi. Siku ile tulikuwa tunamsubiri mgeni kutoka ofisi ya elimu. Nilitoka darasani kwenda kuangalia kama madaftari ya maandalizi ya masomo yamepangwa mezani, na niliporudi nikasikia kicheko darasani, kicheko cha watoto hamsini na zaidi. Nikasimama nje ya dirisha.

Mwanafunzi mmoja, mtoto wa miaka 13 hivi, alikuwa amesimama mbele na gazeti la Spear mkononi. Alikuwa akiwasomea wenzake. Nasema akiwasomea, lakini hakuwa akisoma yaliyoandikwa. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, nacho kilitosha kumpa mwanzo tu wa kila sentensi. Mwisho aliuleta mwenyewe kutoka mtaani. Kapteni Victor alimwuliza Spear kama amelipa ada ya chama. Jambazi aliyekamatwa alidai kwamba hawezi kupigwa mpaka iletwe barua ya balozi wa nyumba kumi. Sonia, aliyefungwa kamba kwenye kiti, alilalamika kwamba anachelewa foleni ya unga. Na kila mmoja alikuwa na sauti yake. Sauti ya balozi wa nyumba kumi ilikuwa sauti ya mzee mmoja ambaye darasa zima lilimjua, nami nilimjua.

Niliingia. Sikuuliza kitu. Nilimchapa viboko vinne mbele ya wenzake, nikachukua gazeti, na saa ya mapumziko nikalitia kwenye moto wa takataka nyuma ya stoo ya majembe. Mgeni alipofika alikuta darasa limetulia kama kaburi, akanipongeza.

Kisingizio changu kilikuwa nidhamu. Sababu ya kweli ilikuwa woga. Mtoto alikuwa amekitia chama kwenye mzaha, dirisha lilikuwa wazi, mgeni alikuwa njiani, na mimi nilikuwa na kazi niliyoipata kwa shida. Nikilipima leo naona hakuna aliyetukanwa. Mzee wa nyumba kumi mwenyewe, ambaye alikuwa mtani mkubwa, angecheka kuliko wote. Lakini sikupima. Na yule mtoto, ambaye alikuwa msomaji bora kuliko wote niliowafundisha mwaka ule, hakusoma tena kwa sauti mpaka alipomaliza shule. Nilipomwita asimame asome, alisimama, akasoma, lakini kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya saruji.

Jambo linalonichoma zaidi ni somo nililolifundisha wiki ile ile. Niliwasimulia habari za Fumo Liyongo.

Kila anayeijua pwani hii anamjua Liyongo. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alizitunga habari zake kuwa utenzi mwaka 1913, na kabla ya hapo Edward Steere alikuwa amekwisha kuichapisha hadithi yake katika kitabu cha ngano za Unguja cha mwaka 1870. Na kabla ya hao wawili wazee walisimulia tu. Kama tunatafuta mtu wa kwetu mwenye nguvu zisizo za kawaida, ndiye huyu. Silaha hazimwingii. Kinachoweza kumuua ni kitu kimoja, sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na siri hiyo inajulikana na yeye na mama yake. Mfalme wa Pate anamwonea kijicho, anamtumia mwanawe Liyongo mwenyewe, mwana anaipata siri kwa hila na kumchoma baba yake usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta mshale, na hapo hapo anakufa. Watu wanamwona kwa mbali, hawathubutu kwenda kuteka maji. Siku zinapita, mji una kiu, mama mtu analetwa aje ambembeleze, na hakuna anayejua kwamba wanamwogopa maiti.

Hivyo ndivyo nilivyoisimulia, na niliisimulia vizuri, darasa likawa kimya. Kisha nikaandika ubaoni: usaliti, tamaa, ushujaa. Wakati ule tulikuwa tumeishika sana dhamira. Kila hadithi iliyoingia darasani ilipekuliwa mifuko mpaka dhamira ipatikane, kisha hadithi yenyewe ikaambiwa iende zake.

Lakini Liyongo wa utenzi hakuwa hivyo tu, nami nilijua. Chuoni tulikuwa tumeyasoma mengine, tukacheka bwenini. Mfalme wa Pate anapowasifia wageni wake Wagala kwamba ana mtu wa ajabu, wageni wanataka wamwone, basi Liyongo anaitwa. Anafika Pate, anapuliza panda la kutangaza kwamba amekuja, na panda linapasuka kwa pumzi yake, mji unataharuki. Kisha anafungua mkoba wake mbele ya wageni, na ndani ya mkoba anatoa kinu. Anatoa mchi. Anatoa jiwe la kusagia. Anatoa vyungu, na baada ya vyungu anatoa mafiga, yote matatu. Fikiria msomaji, shujaa mkubwa wa pwani nzima amesafiri na jiko la nyumba nzima mgongoni, na wageni wamekodoa macho. Hilo lina tofauti gani na bukta juu ya vazi la popo? Na alipokuwa gerezani, walinzi walikuwa wakikila chakula kizuri alicholetewa na mama yake, basi yeye akaagiza aokewe mkate wa wishwa. Walinzi wakautazama mkate ule duni wakaukataa, akapewa mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na tupa. Akakata pingu huku mji unacheza ngoma ya gungu nje, akifundisha wachezaji nyimbo kwa sauti ya juu ili tupa isisikike. Mtu akikusimulia hayo usipocheka, basi una homa.

Kijumwa alijua wapi pa kucheka na wapi pa kulia, akayaweka yote katika utenzi mmoja. Mimi nililiondoa la kucheka nikidhani ninamheshimu shujaa, na wiki hiyo hiyo nikamchapa mtoto aliyelirudisha.

Nje ya darasa, bila shaka, kicheko kiliendelea bila ruhusa yetu. Redio Tanzania ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, wezi wawili wajanja wasiofanikiwa, na saa yao ikifika mtaa ulikuwa unasikiliza kwa sikio moja. Hata sisi walimu wakali tulisikiliza, kisha kesho yake tukawakataza watoto kuwaigiza. Gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory, na mimi niliyeogopa mzaha juu ya chama nilikuwa nikilifungua gazeti la chama na kumtafuta Chakubanga kwanza. Baadaye wakaja akina Lodi Lofa na Madenge katika Sani. Sijui kwa nini sikuliona jambo hili wakati ule. Labda nililiona.

Yalipokuja mabanda ya video, nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu mkuu, nami niliyapiga vita, kwa kuwa watoto walitoroka shule kwenda kukaa humo. Kwa hilo siombi radhi. Lakini jioni moja nilipita karibu na banda moja nikasikia kitu kilichonisimamisha. Filamu ilikuwa ya kigeni, na mtu mmoja alikuwa akiifasiri kwa Kiswahili papo hapo kwa kipaza sauti, akiwapa waigizaji majina ya kwetu, akiwatania, akiongeza methali, akimwonya shujaa kwamba huyo mwanamke si mtu mzuri. Sanaa hiyo ilikua ikawa biashara kamili hapa Dar es Salaam. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijulikana kwayo mji mzima, na kanda zake, kisha sahani zake, zikauzwa Kariakoo kama maandazi. Watu walinunua filamu waliyokwisha kuiona ili wasikie Lufufu anasemaje. Nikiwa nimesimama pale nje ya banda, niliikumbuka sauti ya balozi wa nyumba kumi. Kazi ile ile. Mwanafunzi wangu aliifanya miaka mingi kabla, bila kipaza sauti, na malipo yake yalikuwa viboko vinne.

Tulikutana naye tena katika siku mbaya. Alfajiri ya Jumapili tarehe 16 Januari 2022 Soko la Karume liliteketea, hapa hapa kwetu Mchikichini, miezi sita tu baada ya Soko Kuu la Kariakoo kuungua Julai 2021. Tuliamshwa na moshi. Kulipokucha nilikwenda, kama wazee wengine walivyokwenda, si kwa sababu tungeweza kusaidia kitu. Palikuwa na mabati yaliyojikunja na marobota ya mtumba yaliyokuwa yakifuka moshi kutoka ndani, maana nguo zilizobanwa huungua polepole. Watu walikuwa wakichokoa majivu kwa nondo. Mwanamume mmoja wa makamo, mvi kichwani, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mahali palipokuwa na kibanda chake. Akainua kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nikaitika marahaba kabla sijamjua. Kisha nikamjua. Nikamwambia pole, nikamwambia tena pole, maneno mengine yakawa hayapatikani. Akatazama majivu, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, mwenzio huu ni moto wa pili kuniunguzia mali."

Waliokuwa karibu hawakuelewa. Yeye akacheka kidogo, kicheko kikavu chenye moshi. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Nikavuta ubao nikakaa kando yake, na baada ya muda nikamwambia jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Nilimwambia kwamba siku ile mwaka 1975, kabla sijaingia darasani, nilisimama pale dirishani nikicheka. Alipofika kwa Sonia na foleni ya unga, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Najua, Mwalimu," akasema. "Nilikuona. Ndiyo maana niliendelea."

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Mtoto alimwona mwalimu wake anacheka, akadhani ameruhusiwa.

Amerudi kwenye biashara. Kibanda chake sasa kina nguo za watoto, na ukipita utaona tisheti za mtumba zimetundikwa kwa waya, nyingi zina yule popo mweusi kifuani, nyingine zina herufi ya Superman. Nilipokwenda kumnunulia mjukuu moja, tulivutana bei kwa muda mrefu. Yeye alikuwa akishusha na mimi nikawa ninapandisha, wapita njia wakadhani tumerukwa na akili.

Basi siku ile ya bukta, kipindi kilipokwisha na mjukuu akawa anafuta machozi, akaniuliza kama wakati wetu kulikuwa na shujaa wa kuchekesha. Nikamwambia alikuwako mmoja, mrefu kama mnazi, na kwamba maadui zake siku moja waliamua kumwua kwa ujanja kwa sababu kwa nguvu hawamwezi. Walimwalika wakale makoma pamoja. Mkoma ni mti wa jamii ya mnazi, mrefu, jamaa pia wa mchikichi uliokipa kitongoji hiki jina lake. Mpango wao ulikuwa hivi: kila mtu apande mti kwa zamu yake awaangushie wenzake, na ikifika zamu ya Liyongo, akiwa juu, mikono yote miwili imeshika mti, wamfume kwa mishale.

"Akapanda?" mtoto akauliza.

Wakapanda mmoja mmoja, nikamwambia, wakala, wakashuka. Zamu yake ikafika. Maadui wakajiweka sawa, kila mmoja mkono karibu na upinde, anatazama pembeni kama mtu asiye na lake. Liyongo akachagua mkoma mrefu kuliko yote, akautazama mpaka juu. Kisha akatoa mshale wake, akafuma makoma kutoka hapo hapo chini aliposimama, yakaanguka kwa vishada. Akawakaribisha wale.

"Wakafanyaje?"

"Wakala."

Alicheka sana. Akataka nirudie pale wanapokula. Nikarudia, mara hii nikiwapa sauti, mmoja nikampa sauti ya mzee wa nyumba kumi niliyeibeba kichwani tangu mwaka 1975, na bibi yake akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona nani amefika. Mtoto akauliza kama walimpata baadaye. Nikamwambia hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Siku ile sikumfikisha kwenye sindano.